Barua kwa mwanangu: sebene na nyama ya sanamu

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Umeniuliza kama mdundo wenyewe, kabla hata ya maneno, unaweza kuwa dhambi, maana mzee wa kanisa lenu amezuia kwaya ya vijana kupiga sebene, ule mchapuko wa magitaa ya muziki wa dansi wa Kikongo, akisema Ellen White, nabii wetu Waadventista Wasabato, alishakataza ngoma.

Nianzie hapo. Mwaka 1900, kwenye makambi ya Muncie, Indiana, waliofuata fundisho la "mwili mtakatifu" walipiga ngoma kubwa, matari na tarumbeta hadi watu wakaanguka chini, na aliyeanguka akahesabiwa kuwa ameshatakaswa. Alichokikemea Ellen White ni vurugu ya kumpotezea mtu akili, pamoja na fundisho lililopanda mgongoni mwake. Mzee akisoma neno "ngoma" akafunga kitabu, amesoma nusu. Na Zaburi 150, yenye matari na matoazi, bado imo kwenye Biblia yake.

Tena hizo nyimbo za kitabuni tunazoziona ndizo safi, nyingi zimetoka Marekani ya karne ya 19, na kadhaa zinakwenda mapigo matatumatatu kama walzi, ile dansi ya wawili wawili. Walzi ilipoingia kumbi za Ulaya ililaaniwa, eti mwanamume kamshika mwanamke kiuno hadharani. Leo sisi kina mama tunayumba kwa mapigo hayohayo asubuhi ya Sabato, na hakuna anayeguna.

Lakini usikimbilie kushangilia. Unajua baba yako alikuwa akipiga gitaa baa kabla hajabatizwa. Mwaka juzi kwaya ya wageni ilipofungua sebene hapa kwetu, nilimwona vidole vya kushoto vinatembea gotini, vinatafuta nyuzi. Akainuka, akaenda kusimama chini ya mwembe hadi wimbo ukaisha. Hakuwa amekasirika. Usiku aliniambia alisikia harufu ya bia, mle mle kanisani.

Hiyo ndiyo nyama ya sanamu ya 1 Wakorintho 8, nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Paulo anasema sanamu si kitu; ila yupo aliyezoea sanamu, na huyo akila dhamiri yake inanajisika. Wewe sebene umeikuta kwaya ya watoto, kwako ni nyama tu. Kwa baba yako inakuja na meza, chupa na usiku wake. Na Paulo hakwenda kufunga bucha. Alisema yeye mwenyewe yuko tayari kuacha nyama kwa ajili ya ndugu yake. Basi mzee wenu akisema "mimi inanirudisha nilikotoka", mwacheni apumue, hata mwezi mzima bila gitaa si hasara. Akisema mdundo ni wa shetani kwa kila mtu, mwulizeni kwa adabu ameyasoma wapi.

Baba yako amepita hapa akachungulia ninachoandika. Anasema mwezi wa saba akija huko mpige tu, yeye atakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Ila besi mpunguze, maneno hayasikiki.

Mama yako