Jibu: Mstari unaoshuka kwenye grafu ya velositi na muda

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini mwalimu alikataa jibu lako kwamba mstari unaoshuka kwenye grafu hiyo unaonyesha basi lililotoka Moshi kwenda Arusha linarudi Moshi. Kwanza angalia mhimili wa wima umeandikwa nini: ukiwa ni wa velositi, yaani kasi yenye mwelekeo, na si wa umbali, basi ambalo velositi yake ilishuka kutoka mita 20 kwa sekunde hadi sifuri ndani ya sekunde 10, likasimama Boma Ng'ombe, lilikuwa bado linaelekea Arusha muda wote huo, ila lilikuwa limekanyagiwa breki. Mteremko wa mstari ndio mchapuko, yaani kiasi velositi inavyobadilika kila sekunde: hapa ni hasi 2, kwa kuwa inapungua mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Eneo la pembetatu chini yake, nusu ya 10 mara 20, ni mita 100 lilizosogea mbele. Linarudi pale tu mstari unapovuka sifuri kwenda chini.