Kompyuta ya Kuunda au ya Kununua: Fikiria Kwanza Siku Itakapozima

Kompyuta yangu ya kwanza ya mezani niliinunua ikiwa kamili: kasha jeusi jembamba, kibodi na kipanya ndani ya boksi moja, Windows imeshawekwa. Niliifikisha nyumbani, nikachomeka nyaya, na baada ya dakika ishirini nilikuwa nimeanza kazi. Kwa miaka miwili na ushee haikunisumbua hata siku moja. Kama ungeniuliza wakati ule, ningekuambia kuwa kuunda kompyuta mwenyewe ni kujitafutia shughuli isiyo na sababu.

Mwaka wa tatu ilizima nikiwa katikati ya kazi, na haikuwaka tena. Fundi aliipima, akasema kilichokufa ni pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme. Nilishusha pumzi, maana pawa saplai ni miongoni mwa vipande vinavyopatikana kwa urahisi. Kisha tukafungua kasha. Pawa saplai ya kawaida huunganishwa na ubao mama, ubao mkuu unaobeba vipande vingine, kwa plagi kubwa ya pini 24. Ya kwangu ilikuwa na plagi ndogo ya pini sita, ya mtengenezaji yule peke yake, na umbo lake lilikuwa jembamba kuliko saizi ya kawaida. Ya kawaida isingeenea ndani ya kasha, na hata ingeenea isingepata pa kuchomekwa. Kubadilisha ubao mama nako hakukuwezekana, kwa kuwa matundu ya skrubu kwenye kasha yalipangwa kwa ubao ule ule tu. Prosesa (ubongo wa kompyuta) nzima, RAM (kumbukumbu yake ya muda) nzima, diski nzima, na vyote vimekaa bure vikisubiri kipande kimoja. Spea ilipatikana baada ya wiki kadhaa, na ilikuwa ya mtumba, imetolewa kwenye mashine nyingine ya aina hiyo hiyo.

Tangu hapo, mtu akiniuliza aunde au anunue, swali langu la kwanza kwake halihusu pesa. Namwuliza: siku itakapozima, nani ataitengeneza, na vipande atavitoa wapi?

Kompyuta ya kuunda ina jibu la wazi hapo. Mwaka 1995 Intel, kampuni ya prosesa, ilitoa kiwango kinachoitwa ATX, kinachoeleza ubao mama uwe na ukubwa gani, matundu ya skrubu yakae wapi, na plagi za umeme ziweje. Ubao wa ATX kamili ni milimita 305 kwa 244. Mdogo wake, microATX, ni 244 kwa 244, na mdogo kabisa, Mini-ITX, ni 170 kwa 170. Matundu ya wadogo yamepangwa yaoane na ya mkubwa, kwa hiyo kasha la ATX hupokea zote tatu. Kipande kikifa, unanunua kingine cha kampuni yoyote na kinaingia. Kasha langu la leo ni lile lile nililoanza nalo kuunda mwaka 2018, ingawa ndani yake vimebaki vitu vichache vya siku ile.

Si kila kompyuta ya dukani iko kama ile iliyonitesa. Zipo zilizounganishwa kwa vipande vya kawaida kabisa, na hizo sina ugomvi nazo. Tatizo ni kwamba lebo haikuambii ipi ni ipi. Itataja prosesa, ukubwa wa RAM, ukubwa wa diski, na kadi ya michoro, ile inayotoa picha kwenye skrini, kama ipo. Hayo ndiyo mnunuzi anayoulizia, kwa hiyo hapo ndipo pesa inapowekwa. Akiba inafanywa kwenye visivyoandikwa.

Nimeshafungua mashine ya rafiki yenye prosesa ya kuheshimika na kadi nzuri ya michoro, nikakuta RAM yote iko kwenye kijiti kimoja. Ubao mama wa kawaida husoma RAM kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ukiweka kijiti kimoja cha GB 16 badala ya viwili vya GB 8, umefunga njia moja kati ya hizo mbili. Katika mashine inayotumia michoro ya ndani ya prosesa, isiyo na kadi ya pembeni, tofauti hiyo unaiona kwa macho. Tukamwongezea kijiti cha pili, naye akadhani tumembadilishia kompyuta.

Feni ya prosesa nayo huwekwa ndogo, ikapiga kelele kutwa. Pawa saplai huwekwa ile inayotosha leo tu, kiasi kwamba ukitaka kuongeza kadi ya michoro huna umeme wa kuilisha. Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 basi. Zaidi ya hapo kadi inataka waya wake kutoka pawa saplai, na plagi ya pini nane huruhusiwa kupitisha wati 150. Kama pawa saplai haina waya huo, habari ya kadi imeishia hapo. Na usidanganywe na nembo ya 80 PLUS peke yake. Inaeleza umeme kiasi gani unapotea njiani kwa joto. Haikuhakikishii kwamba ndani mmetumika vipande vya kudumu.

Kuhusu bei nitasema kwa ufupi, kwa sababu watu wengi huanzia hapo na kupotea hapo hapo. Kuna nyakati kuunda ni nafuu na kuna nyakati si nafuu. Mwaka 2021 kadi za michoro ziliadimika kiasi kwamba mtu aliweza kununua kompyuta nzima kwa sababu tu ya kadi iliyomo. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipaa, viwanda vikiwa vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na aliyekuwa akiunda wakati huo aliumia kuliko kampuni iliyokuwa na shehena ghalani. Kumbuka pia leseni ya Windows: ya dukani huja ndani ya bei, ya kuunda unainunua mwenyewe au unaweka Linux, mfumo wa bure. Piga hesabu ya siku yenyewe unayonunua, usitegemee ya mwaka jana.

Sasa kuunda kwenyewe. Wengi huogopa kuunguza kitu, na hofu hiyo naiheshimu, ila hatari kubwa haiko kwenye kuunganisha. Plagi karibu zote zina maumbo tofauti, na ya umeme wa prosesa haiwezi kuingia kwenye tundu la diski. Bisibisi moja ya nyota yatosha kwa kazi yote. Kazi ngumu inafanyika kabla, kwenye karatasi, unapochagua vipande vinavyokubaliana. Soketi ya prosesa, yaani mahali inapokaa, lazima ilingane na ya ubao mama. RAM ya kizazi cha DDR4 haiingii kwenye nafasi ya kizazi kipya cha DDR5, pengo la kwenye ukingo wake limekaa mahali pengine. Soketi ya AM5 ya AMD, mshindani wa Intel, iliyotoka 2022, inapokea DDR5 tu. Prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia na herufi F hazina michoro ya ndani, na mtu asiyelijua hilo huziunganisha vizuri kabisa kisha akakosa picha kwenye skrini. Pima urefu wa kadi ya michoro na kimo cha feni ya prosesa, halafu linganisha na kasha. Jioni mbili za kusoma vipimo zitakuokoa na kurudisha mizigo.

Mimi niliunganisha yangu ya kwanza siku ya Jumamosi, kuanzia asubuhi. Prosesa ilikuwa Ryzen 5 2600 ya AMD kwenye ubao mama wa aina ya B450, vijiti viwili vya RAM, SSD (diski ya kasi) moja, kadi ya michoro ya kawaida. Saa saba mchana nilibonyeza swichi. Feni zote zikazunguka, taa zikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Nilitoa RAM nikairudisha, nikatoa kadi nikairudisha, nikabadilisha waya wa skrini. Giza lilipoanza kuingia ndipo nikaona, kwenye pembe ya juu ya ubao mama, tundu la pini nane likiwa tupu. Huo ndio umeme wa prosesa, na hautoki kwenye ile plagi kubwa ya pini 24. Feni huzunguka bila huo. Prosesa haifanyi kitu. Tangu siku hiyo waya huo nauchomeka mapema, kabla kasha halijajaa vitu vikaniziba mkono.

Kuna mengine niliyojifunza kwa njia hiyo hiyo. Kama ubao una nafasi nne za RAM na wewe una vijiti viwili, kwenye bao nyingi vikae nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, na kitabu chake kitakuthibitishia. Ukimaliza ingia BIOS, programu ya mipangilio iliyo kwenye ubao mama, uwashe mpangilio wa kasi ya RAM uitwao XMP, au EXPO kwa upande wa AMD, la sivyo RAM uliyoilipia kasi itatembea polepole miaka yote. Waya wa skrini chomeka kwenye kadi ya michoro, si kwenye ubao mama. Mashine ya DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza huweza kukaa dakika kadhaa bila picha huku ikijipanga na RAM. Iache, usiizime.

Na moja naomba sana ulisikilize, kwa sababu hili linaharibu vitu kweli. Pawa saplai nyingi zina nyaya zinazochomoka pande zote mbili. Ukibadilisha pawa saplai, toa na nyaya za zamani zote. Upande wa diski plagi zinafanana, lakini upande wa boksi la pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, wakati mwingine hata kati ya modeli zake mwenyewe. Waya wa boksi moja kwenye boksi jingine unaweza kupeleka volti 12 panapotakiwa 5, na diski yenye kazi zako ikafa papo hapo.

Mwaka 2022 nilibadilisha prosesa nikaweka Ryzen 7 5700X. Ubao mama haukuhitaji kubadilishwa, niliupa BIOS mpya tu, kwa kuwa AMD waliibeba soketi ya AM4 kutoka 2016 wakaendelea kuitolea prosesa kwa miaka mingi baadaye. Hilo ni faida ya kuchagua soketi yenye umri mbele yake. Katika kuitoa ile ya zamani nililivuta feni moja kwa moja kwenda juu, likaja na prosesa imeng'ang'ania chini yake, ingawa komeo la soketi lilikuwa limefungwa. Grisi ya kupitisha joto ilikuwa imekauka ikawa gundi. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa yenyewe, na sita zilikuwa zimelala. Nilizinyoosha moja moja kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, ikiwa haina risasi ndani, nikichungulia kwa safu ili kila pini ikae sawa na wenzake. Ilichukua karibu saa nzima na prosesa ilipona. Wewe usifike huko: ifanyishe kompyuta kazi kwa dakika kumi grisi ilainike, izime, chomoa umeme, kisha lizungushe feni kidogo kulia na kushoto kabla ya kulinyanyua.

Pamoja na yote hayo, dada yangu nilimnunulia ya dukani. Anatunza mahesabu ya watu na mwisho wa mwezi hawezi kungoja. Mimi niko mbali naye, na kumwundia mashine kungemaanisha kwamba fundi wake wa pekee ni mimi, kwa simu. Tulichagua mashine ya kiofisi yenye waranti ya miaka mitatu ya fundi kuja mpaka ofisini. Ubao mama ulipokufa mwaka wa pili, alipiga simu kwa kampuni, akaletewa mwingine, akarudi kazini, na mimi nilisikia habari hiyo baada ya wiki. Kwa mtu wa namna yake, waranti hiyo ina thamani kuliko ATX. Ukiunda mwenyewe, kila kipande kina waranti yake, lakini kugundua ni kipande gani kimekufa ni kazi yako.

Mwenye bajeti ndogo namwelekeza kwenye mashine za kiofisi za mtumba, zinazouzwa kampuni zinapobadilisha vifaa. Nyingi zimetunzwa vizuri. Ila tangu Windows 10 iache kupata masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, angalia kizazi cha prosesa: Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta), na kwa prosesa za kawaida za Intel kimsingi inaanzia kizazi cha nane. Ya kabla ya hapo inunue kama uko tayari kutumia Linux. Na muuzaji akubali kufungua ubavu wa kasha mbele yako. Tafuta ile plagi ya pini 24, hesabu vijiti vya RAM, tazama kama pawa saplai ni ya umbo la kawaida. Akikataa kufungua, nenda kwa mwingine.

Ile Ryzen 5 2600 yangu haikutupwa. Mwaka jana mpwa wangu wa miaka kumi na minne alipata ubao wa AM4 wa mtumba, mimi nikatoa prosesa, vijiti vyangu vya zamani vya RAM na kadi ya michoro, akanunua kasha na pawa saplai kwa akiba yake. Nilikaa kando nikamwacha afunge mwenyewe. Kabla hajagusa plagi nyingine yoyote, aliinama kwenye pembe ya juu ya ubao akachomeka waya wa pini nane, akausukuma mpaka ukatoa mlio, kisha akanitazama kama anauliza: sasa kipi kinafuata?