Unataka kutafiti mashabiki? Anza na kilicho wazi

Juzi nimepokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayesoma uzamili. Anataka kuandika tasnifu kuhusu mashabiki wa tamthilia wanaojitungia mwendelezo na kusambaziana kwenye magrupu ya WhatsApp. Msimamizi wake amemwambia mada hiyo haina machapisho. Kila makala anayoikuta mtandaoni inamwonyesha muhtasari tu, kisha inamdai dola. Anauliza: abadilishe mada?

Usibadilishe, mdogo wangu. Nakujibu hapa ili na wenzako wasome, maana najua mko wengi.

Mwezi uliopita nimetetea tasnifu yangu kuhusu watazamaji wa vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, na wafasiri wa muvi, hawa tunaowaita madijei, wanaochukua filamu ya Kihindi, ya Kichina au ya Marekani na kuisimulia upya kwa Kiswahili juu ya sauti za wahusika. Nimepita kwa masahihisho madogo. Nalisema kwa fahari, kwa sababu siku ya kuwasilisha pendekezo mwalimu mmoja kwenye jopo alizifunga karatasi zangu akasema, "Haya ni mambo ya kijiweni, binti. Utafiti uko wapi?" Ukumbi mzima ukacheka. Hadi leo nikikikumbuka kile kicheko moyo unauma. Aliyecheka kwa nguvu kuliko wote alikuwa mwanafunzi mwenzangu ambaye usiku kucha alikuwa ananiomba muvi.

Nilichomjibu yule mwalimu, mwishowe, ni machapisho. Na yote niliyomwekea mezani niliyasoma bila kulipa.

Fungua kwanza jarida la Transformative Works and Cultures. Linatolewa na Organization for Transformative Works, shirika lisilo la faida la Marekani lililoanzishwa na mashabiki wenyewe mwaka 2007. Shirika hilohilo ndilo linaloendesha Archive of Our Own, hifadhi ya kazi za mashabiki iliyoshinda Tuzo ya Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi na fantasia, mwaka 2019. Toleo la kwanza la jarida lilitoka 2008, na tangu hapo kila kitu kiko wazi: hulipi kusoma, na mwandishi hatozwi ada ya kuchapisha. Makala ndefu huhakikiwa na wanataaluma wasiojua mwandishi ni nani, naye hawajui wao. Kwa hiyo mtu akikwambia cha bure hakina hadhi, mfungulie ukurasa wa taratibu za uhakiki asome mwenyewe. Mimi nilimfungulia.

Usiishie huko Marekani lakini. Andiko lililonitoa ni la Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, lililochapishwa 2012 kwenye jarida la Intermédialités la kule Montréal. Ni makala nzima juu ya usimulizi wa filamu Tanzania. Kichwa chake kwa Kiswahili ni kama kusema "Kugeuza wali kuwa pilau", na Lufufu wetu, yule mfasiri wa muvi, yumo humo. Linasomwa bure.

Nililishusha kwenye simu nikaenda nalo Manzese, kwa jamaa anayewawekea watu muvi kwenye flashi. Siku zote alikuwa ananijibu kwa mkato, macho kwenye kompyuta, mkono kwenye mausi, wateja wamejipanga. Safari hii nikamsomea aya moja, nafasiri papo hapo. Akaachia mausi.

"Dada, Lufufu kaandikwa huko?"

"Kaandikwa."

"Nirushie."

Nikamrushia palepale. Hata Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini alikuwa anavuta skrini kwa kidole, akitafuta majina anayoyajua. Baada ya hapo alianza kunisahihisha: hapa huyu mzungu kapatia, hapa angeniuliza mimi. Wafasiri niliokuwa nawasaka bila mafanikio wakaanza kunipigia wao. Makala ingekuwa imefungiwa nyuma ya malipo, ningemrushia nini? Muhtasari?

Ndiyo maana nasema anza na kilicho wazi. Kinakusaidia kusoma, na kinakusaidia kuongea na watu unaowatafiti. Miezi ya kuandika siielezei, kila aliyepita huko anaijua.

Pitia pia Swahili Forum, jarida huria lenye makala nyingi juu ya lugha, fasihi na filamu zetu. Tafuta kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003. Weka Unpaywall kwenye kivinjari chako. Ukifika kwenye makala iliyofungwa, inakutafutia nakala halali iliyo wazi, mara nyingi ile aliyoihifadhi mwandishi kwenye chuo chake. Ukikosa kote, mwandikie mwandishi barua pepe fupi yenye heshima. Wengi hufurahi kuona mtu wa Dar es Salaam anawasoma.

Ila kuna jambo moja sitalilegezea. Hao mashabiki wa magrupu ya WhatsApp ni watu. Hadithi aliyoiandika binti usiku, akawatumia wenzake, si mali yako kwa kuwa tu umeiona. Transformative Works and Cultures lenyewe linawahimiza waandishi waombe ruhusa kwa shabiki kabla ya kunukuu kazi yake. Omba. Akikataa, iache, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Mimi niliacha sura nusu kwa sababu hiyo na sijuti. Tumeandikwa sana na watu waliokuja, wakarekodi, wakaondoka, na vitabu vyao tukashindwa hata kuvinunua. Sisi tusiwatendee hivyo majirani zetu.

Kwa hiyo ukimaliza, usifungie. Siku ya kukabidhi tasnifu maktaba watakupa fomu inayouliza kama kazi iwekwe wazi kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo au izuiwe kwa muda. Weka tiki kwenye wazi, kisha ichukue linki uwarushie mashabiki wako kwenye grupu lao.