Anti, kweli watanipasua mguu nikiwa macho?

Shikamoo Anti. Mimi nauza viazi Mwanjelwa, nasimama toka saa kumi na moja alfajiri mpaka giza linaingia. Toka mimba ya tatu mguu wangu wa kushoto ulianza kutoa mishipa, saivi imejiviringa kuanzia gotini mpaka chini, jioni mguu unakuwa mzito kama nimefungiwa debe alafu juu ya kifundo ngozi imeanza kuwa nyeusi na inawasha. Daktari kasema nipasuliwe, na kwa vile nina pumu hataki kunipa nusu kaputi, nitachomwa sindano ya mgongo nibaki macho. Anti mimi hata kuku simchinji mwenyewe. Nitasikia kisu? Nitaona damu? Na huo mshipa wakishautoa damu yangu itapita wapi? Tarehe ni wiki ijayo na usingizi sina.
Mama Viazi, Mbeya

Marahaba mwanangu. Umemwandikia mtu anayejua, maana nimefanya kazi thieta (chumba cha upasuaji) miaka mingi nikiwashika watu mabega wakichomwa hiyo hiyo sindano, alafu siku moja zamu ikanifika mwenyewe. Kusimama thieta na kusimama sokoni ni kule kule, mishipa haiangalii umevaa gauni la kijani au kanga.

Nianze na damu, maana hilo swali ndo linawakimbiza wengi. Mguu una vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, za aina mbili, zile za juu karibu na ngozi na zile kubwa za ndani kabisa katikati ya nyama. Hizo za ndani ndo zinazobeba karibu sehemu 9 kati ya 10 za damu inayopanda kurudi moyoni. Ndani ya vena kuna vijilango vinavyoruhusu damu kwenda juu tu, vikilegea (mimba, kusimama, uzito, kurithi kwa mama, umri) damu inarudi chini inajaa, mshipa unatanuka unapinda. Wewe umewahi kufika Mbarali kwenye mashamba ya mpunga? Mfereji mdogo lango likivunjika maji yanarudi yanamwagika njiani, ukiuziba maji yanapita mfereji mkuu na shamba halikauki. Kwaiyo wakiutoa huo mshipa mbovu hawakupunguzii kitu, ulishaacha kufanya kazi zamani.

Ila kuna jambo moja nataka uulize kabla ya hiyo tarehe: je umepigwa altrasaundi ya mishipa ya mguu? Ni ile wanapaka jeli wanabonyeza kigimbi huku wanaangalia damu inaelekea wapi. Lazima wajue vena za ndani ziko wazi, hazina damu iliyoganda. Kama mfereji mkuu umeziba huwezi kuziba na mdogo. Kama hawajapima, uliza bila aibu, mguu ni wako.

Sasa hilo la kuwa macho. Ntakwambia ilivyokuwa kwangu, sitapunguza.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Iringa unaijua, chumba chenyewe kama friji. Wakanikalisha ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, kidevu kifuani, mgongo nimeukunja kama paka aliyekasirika. Ile dawa ya kahawia ya kusafishia mgongo ndo ilinitoa kelele kuliko sindano yenyewe, ni ya baridi jamani. Alafu sindano ndogo ya ganzi ya ngozi, inauma kama nyuki, sekunde chache. Alafu ile yenyewe, hiyo unasikia kusukumwa tu kwenye mfupa, sio maumivu. Kazi yako pale ni moja, usishtuke. Ukitaka kukohoa sema kwanza.

Hapo hapo makalio yakapata joto, kama mtu amekumwagia maji ya uvuguvugu, joto likashuka mpaka vidoleni, miguu ikawa mizito, ndani ya dakika kama kumi sikuwa nayo. Nilikiambia kidole gumba kicheze, kikanidharau. Daktari wa usingizi akawa anapitisha pamba yenye spiriti anauliza hapa baridi? hapa je? na hawaanzi mpaka wamehakikisha. Hilo lishike vizuri, hakuna anayekata kwa kubahatisha.

Kuona damu hapana. Wanaweka shuka mbele ya kifua kama pazia, wewe unaangalia dari. Nilichoona mimi ni kabla ya pazia, nilikuwa nimelala nikaona mguu wa mtu umeinuliwa juu unapakwa dawa, nikajiuliza huyu mgonjwa mwingine ameingia saa ngapi. Mwanangu ulikuwa mguu wangu. Nilicheka mpaka mashine ikaanza kupiga kelele.

Kusikia utasikia, ila sio maumivu. Ganzi inaua uchungu, kuguswa na kuvutwa kunabaki kidogo. Wanachofanya ni kukata sehemu ndogo juu kwenye mkunjo wa paja, wanaufunga mshipa pale unapoingia kwenye ule wa ndani, wanapitisha waya mpaka karibu na goti wanauvuta utoke, alafu vile vilivyojiviringa huku chini wanavitoa kwa vitundu vidogo na kindoano. Wakati wa kuvuta nilisikia kama mtu anachomoa kamba kwenye gunia lililoko chumba cha pili. Nikasikia pia mikasi inavyoangushwa kwenye sinia, na wale madaktari walikuwa wanabishana bei ya mabati. Kama hutaki sauti waambie mapema, sehemu nyingine wanakuruhusu earphone uweke kwaya yako, na wanaweza kukupa dawa kidogo ya kukutuliza kwenye dripu ukasinzia huku unapumua mwenyewe. Daktari wako ana haki kuhusu pumu, sindano ya mgongo haigusi koo wala mapafu kama nusu kaputi yenye mpira kooni. Inhela yako nenda nayo hata hivyo.

Mambo mawili yasikutishe. Presha huwa inashuka kidogo baada ya sindano, unasikia kichefuchefu au kama unataka kuzimia, sema hapo hapo "sista najisikia vibaya", wana dawa inaingia kwenye dripu na dakika hiyo hiyo unarudi. Na utatetemeka, meno yanagongana kama uko Kitulo usiku bila blanketi, omba ufunikwe.

Ganzi inakaa masaa 2 mpaka 4. Usiinuke mwenyewe kwenda chooni, miguu itakuangusha. Mkojo unaweza kugoma siku hiyo, wakikuwekea mpira usione aibu. Lakini miguu ikirudi, jioni hiyo hiyo tembea wodini, hata hatua ishirini, ndo dawa ya kuzuia damu kugandia. Paja litakuwa na michubuko ya zambarau kama umepigwa mwiko, inaisha. Sehemu karibu na kifundo inaweza kubaki na ganzi ganzi kwa sababu mshipa wa fahamu unapita jirani na ule wa damu. Soksi za kubana vaa kama ulivyoelekezwa, najua zinakera. Sokoni mpe mtu akushikie meza wiki 2 au 3, usibebe gunia. Na ukiona kigimbi kimevimba kinauma upande mmoja au pumzi inakata, siku hiyo hiyo rudi hospitali, usisubiri kliniki.

Anti, mimi ni dereva wa lori, Makambako. Mke wangu alichomwa ya mgongo akijifungua na anasema toka hapo mgongo hauishi kuuma. Mimi nina hiyo mishipa miguu yote, naikataa sindano. Ila jamaa ananiambia kuna leza, hakuna kisu. Ni kweli?

Ni kweli ipo. Wanachoma ganzi sehemu sehemu kando ya mshipa, wanaingiza kijimrija chembamba wakiongozwa na altrasaundi, wanauchoma kwa ndani kwa joto la leza au la mawimbi ya redio mpaka unajifunga. Uko macho vile vile bwana dereva, ila unatembea kutoka siku hiyo hiyo. Uingereza mwongozo wao wa NICE (taasisi yao inayoandika miongozo ya matibabu) toka 2013 unasema waanze na njia hiyo, upasuaji wa kuvuta ukija mwishoni. Kwetu haipo kila mahali, piga simu kwanza kabla ya kuwasha lori.

Kuhusu mgongo wa shemeji, mgongo baada ya kujifungua unauma hata kwa ambao hawakuchomwa, mimba yenyewe na kunyonyesha umejikunja vinatosha. Sehemu ya sindano inaweza kuuma siku kadhaa. Kinachojulikana kuletwa na sindano ni kichwa, kile kinachogonga ukikaa na kinatulia ukilala. Hata August Bier, Mjerumani aliyeianzisha 1898, alijaribiwa mwenyewe akaishia kuumwa kichwa siku kadhaa. Sindano za siku hizi ni nyembamba sana kuliko zake, kwaiyo haitokei mara nyingi, na ikitokea inatibika, rudi uwaambie.

Anti, mama mkwe anasema hii mishipa nimekanyaga kitu cha mtu njiani. Mwalimu, Tukuyu.

Mwangalie miguu yake yeye na ya mama yako, utaona ni kurithi na kusimama, sio kitu cha njiani. Alafu kesho darasani weka kiti, na kipindi kikiisha tembea, usisimame wima unaongea na walimu wenzio barazani.