Sina uvimbe wala siumwi, nipige picha ya matiti ya nini?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tanga, Desemba hii natimiza miaka 47. Mama yangu mdogo alifariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 44. Tangu hapo binti yangu hanipi raha, kila akipiga simu ni "Mama, umeshaenda kupima mamogramu?" Mimi sina uvimbe, siumwi, na kila mwezi najikagua nikioga. Jirani yangu kaniambia ile mashine inaliminya titi kama ndimu, na mionzi yake ndiyo inayoamsha saratani iliyolala. Kusema kweli naogopa. Kwa nini nitafute ugonjwa ambao haujanitafuta? – *Mama Z., Tanga*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mama mdogo.

Nianze na jirani yako, maana maneno yake nimeyasikia chumba cha picha kwa miaka 22 niliyofanya kazi ya kupiga mamogramu, yaani picha za matiti kwa mionzi. Titi linaminywa, ni kweli. Unavua blauzi na sidiria, unajifunga khanga, unasimama mbele ya mashine. Titi moja linalazwa juu ya sahani, kisha sahani ya pili ya plastiki inashuka polepole mpaka titi linakuwa bapa. Nakwambia "usipumue," picha inapigwa, sahani inaachia. Ni sekunde chache. Kila titi tunalipiga mara mbili, mara moja kutoka juu na mara moja kwa ubavu mpaka karibu na kwapa, kwa hiyo jumla ni picha nne. Tunaminya kwa sababu titi likiachwa lilivyo, nyama inakaa juu ya nyama na kitu kidogo kinajificha katikati. Likitandazwa hakuna pa kujificha, na hata mionzi inayotumika inapungua. Kuna wanaoumia kidogo, na kuna wanaovaa blauzi yao wakiniuliza, "Kumbe ndiyo basi?" Kama bado unaona siku zako, nenda wiki moja baada ya hedhi. Kabla ya hedhi matiti hujaa na huuma hata kwa kuguswa.

Ama kuhusu mionzi, kipimo kimoja kinakupa kiasi kinachokaribia kile unachopata kutoka ardhini na angani kwa kuishi tu, kwa muda wa wiki 7 hivi. Saratani hailali ikasubiri kuamshwa na picha. Najua maneno hayo yanatoka wapi. Wengi wetu tunafika kwenye mashine tukiwa tumeshachelewa. Mtu anapimwa, anakutwa nayo, miezi michache baadaye anazikwa, na waliobaki wanakumbuka kwamba alikuwa mzima mpaka siku aliyopigwa picha.

Kujikagua usiache. Lakini vidole vina mwisho wake. Uvimbe ambao mwanamke anaukuta mwenyewe bafuni mara nyingi umeshakuwa na ukubwa wa gololi. Picha inaweza kuona kitu cha milimita chache, na inaweza kuona dalili ambayo haina uvimbe wowote wa kushika.

Nikupe mfano mmoja. Alikuja mama wa miaka 53, muuza vitambaa, hana tatizo lolote. Mkononi alikuwa na bahasha kubwa ya kaki aliyoizungushia khanga isikunjike. Ndani yake zilikuwamo picha zake za miaka miwili iliyopita. Nilimpiga mpya, nikazipachika za zamani na mpya kwenye taa, ubavu kwa ubavu. Titi la kushoto, upande wa juu karibu na kwapa, kwenye picha ya zamani palikuwa safi. Kwenye mpya palikuwa na vidoa vyeupe sita au saba vimekaa pamoja, vidogo kama punje za chumvi ya mezani zilizomwagika. Kwa mkono, daktari hakushika kitu. Alichukuliwa kipande kidogo cha nyama ya titi kwa sindano, ikaonekana ni saratani ambayo bado imo ndani ya mirija ya maziwa, haijatoka. Akafanyiwa upasuaji na akaendelea na matibabu. Mpaka ninastaafu alikuwa akija na bahasha yake.

Ndiyo maana nasema faida ya kipimo hiki iko kwenye kurudi. Picha ya kwanza inatujulisha titi lako lilivyo. Matiti hayafanani, wengine wana vinundu visivyodhuru, wengine wana chokaa ya uzee isiyodhuru chochote, wengine wana makovu ya majipu ya wakati wa kunyonyesha. Ukija mara moja tu, daktari anaona kidoa na hajui kama kimekaa hapo miaka kumi au kimeingia mwaka huu. Ukirudi, anapata cha kulinganisha.

Mimi mwenyewe nilimpoteza dada yangu mkubwa nikiwa mwaka wa pili wa mafunzo. Aliona gololi kwenye titi la kulia. Zahanati moja wakamwambia ni maziwa yamelala, wakati mtoto wake wa mwisho alikuwa keshaanza shule. Akaamini, kwa sababu ndilo jibu alilotaka kulisikia. Akapaka dawa za kienyeji mwaka mzima. Alipoletwa Dar es Salaam ngozi ya titi ilikuwa imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani, na kwapani pana uvimbe mwingine. Nilimwosha kidonda kile kwa mikono yangu. Kila mwanamke aliyeingia chumba changu akiwa hana dalili yoyote, nilimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Sasa umri. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo kila baada ya miaka miwili kwa wanawake wa miaka 50 hadi 69, pale ambapo huduma zipo za kutosha. Marekani, tangu 2024, ushauri kwa wanawake wasio na hatari ya ziada ni miaka 40 hadi 74, kila miaka miwili. Wewe unatimiza 47, na mama mdogo aliugua akiwa kijana. Usisubiri 50. Mweleze daktari habari za ukoo wote, upande wa mama na upande wa baba. Je, kuna shangazi au bibi aliyeugua titi au mifuko ya mayai? Kuna mwanamume? Wanaume nao huugua titi, ingawa ni wachache sana. Majibu yako ndiyo yatakayomwezesha kukwambia urudi kila mwaka au kila miwili.

Nisikufiche upande wa pili. Katika takwimu za Marekani, wanawake 100 wakipimwa, kama 10 huitwa tena kwa picha za ziada au altrasaundi, na wenye saratani kati ya wale 100 hawafiki hata mmoja. Kwa hiyo ukiitwa tena, usianze kuandika wosia. Vilevile picha inakosa baadhi ya saratani. Jibu likiwa safi leo, na baada ya miezi minne ukashika kitu, nenda mwezi huo huo. Na zipo saratani ndogo za polepole ambazo zingekaa bila kumdhuru mtu, lakini zikionekana zinatibiwa, kwa sababu hatuwezi kuzitenga na zile kali. Jopo la wataalamu wa Uingereza lililokaa 2012 liliyapima haya yote, likaona kwamba kuwaita wanawake kwenye kipimo kunapunguza vifo vya saratani ya titi kwa asilimia 20 hivi. Mimi nimeona pande zote mbili na bado nakwambia nenda.

Anzia hospitali ya mkoa hapo Bombo, omba rufaa na uulize mashine iliyo karibu iko wapi. Ukielekezwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road ipo pale ufukweni, si mbali na Feri. Kabla hujapanda basi piga simu uulize bei, na kama bima yako inalipia. Siku hiyo usipake poda kifuani wala manukato kwapani. Najua sisi watu wa pwani poda kifuani ni sehemu ya kuoga, lakini punje zake kwenye picha zinaonekana sawasawa na vile vidoa nilivyokusimulia. Nimewaogesha wengi upya kwa sababu hiyo. Kama hutaki kupigwa na mwanamume, sema mapema unapopanga siku.

Na binti yako, mpigie leo. Akusindikize.

SWALI: Nina miaka 26, nipo Mombasa. Niliona tangazo la kupima matiti mwezi wa Oktoba, nikaenda, nikaambiwa mimi sipigwi mamogramu. Wamenidharau? – *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hapana mwanangu, wamekutendea haki. Titi la msichana lina nyama nzito ambayo kwenye picha inaonekana nyeupe, na saratani nayo inaonekana nyeupe. Tungekupa mionzi bila kuona kitu. Ukishika uvimbe, usikubali kuambiwa "wewe bado mdogo" ukarudishwa nyumbani. Dai kuchunguzwa kwa mkono na kupigwa altrasaundi. Kama mama yako au dada yako aliugua, huo ni mjadala mwingine, uzungumze na daktari sasa.

SWALI: Picha zangu za miaka mitatu iliyopita zimejaa kabatini. Majibu yalikuwa safi. Nizitupe? – *Bi. S., Zanzibar*

JIBU: Usizitupe! Hizo safi ndizo tunazozitaka zaidi. Andika tarehe na jina la hospitali juu ya bahasha, weka karatasi ya majibu humo humo, uilaze chini ya nguo zisizovaliwa kila siku, mbali na unyevu na dirisha. Kama ulipewa kwenye CD, iweke kwenye bahasha hiyo hiyo. Na miaka mitatu imeshapita, Bi. S. Safari hii nenda nayo.