Maswali na majibu: Picha ya viza iliyopigwa nyumbani kwa simu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na mji wa Kakamega. Binti yangu amepata nafasi ya kusoma Marekani, na tunajaza fomu ya viza ya DS-160 sisi wenyewe. Nilimpiga picha kwa simu akiwa ameegemea ukuta wa sebule, lakini kijana wa saiba aliyekuwa akitusaidia akasema haitafaa kwa sababu ya kivuli kilicho nyuma yake. Nilimtoa nje saa sita mchana, uso ukatokea mweusi na macho hayaonekani vizuri. Mwishowe fundi mmoja wa picha sokoni alimkata na kumwekea mandhari nyeupe kwa kompyuta, akanitumia kwa WhatsApp, na sasa fomu yenyewe inalikataa faili hilo. Je, ninahitaji kununua kamera ya maana? Tena nyanya yake, ambaye anakusudia kumtembelea baadaye, huvaa kilemba cheupe cha dhehebu lake kila siku. Je, atalazimika kukivua?

JIBU: Mwalimu, usinunue kamera. Faili linalotakiwa na fomu hiyo ni la mraba, lenye upana na urefu wa kuanzia pikseli 600 hadi pikseli 1,200, na uzito usiozidi kilobaiti 240, katika muundo wa JPEG. Hata ukichukua kipimo kikubwa kabisa, hizo ni chini ya megapikseli moja na nusu, na kamera ya nyuma ya simu yoyote ya miaka ya karibuni inavuka kiwango hicho kwa mbali. Kilichoharibu picha zako ni mwanga, umbali na namna faili lilivyosafirishwa, na kila moja ya picha hizo tatu ilikuwa na kasoro yake.

Nianze na ukuta. Mtu akiegemea ukuta, mwanga wowote unaompiga kutoka mbele au pembeni hukitupa kivuli chake palepale nyuma ya shingo na masikio, na ukiwasha taa ya simu kivuli hicho kinazidi kuwa cheusi chenye ukingo mkali. Tiba yake haihitaji taa ya ziada, kwani inatosha kumsogeza binti mbele, mita moja na nusu hivi kutoka ukutani au zaidi ikiwa chumba kinaruhusu, kisha kivuli chake kitaanguka sakafuni, nje ya picha. Usiwashe taa ya simu hata kidogo. Zima na balbu ya dari pia, kwa sababu balbu iliyo juu ya kichwa hutia giza kwenye matundu ya macho, na ikiwa ni ya rangi ya manjano itachanganyika vibaya na mwanga wa dirishani, upande mmoja wa uso uwe wa buluu na mwingine wa chungwa.

Kuta za nyumba zetu nyingi zimepakwa rangi mbili, kijani au kahawia chini na krimu juu, na viza ya Marekani inataka mandhari nyeupe au inayokaribia nyeupe. Tundika shuka jeupe lililopigwa pasi vizuri, ulivute pembe zote ili lisiwe na mikunjo. Ukitumia leso yenye maua kwa matumaini kwamba utayafuta baadaye kwa programu, utarudi pale fundi wa sokoni alipokuacha. Angalia pia sehemu nyingine ya chumba ambayo haitaonekana pichani: ukuta wa kijani ulio karibu na shavu, au pazia jekundu linalopigwa na jua, hurudisha rangi yake usoni, na ngozi hutokea kana kwamba mtu anaumwa.

Sasa mwanga wenyewe, ambao ndio kiini cha jambo hili. Kakamega iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa juu sana, nao uso hupokea mwanga kutoka utosini. Paji la uso linang'aa, na macho, chini ya pua na chini ya kidevu vinabaki gizani. Ulilolifanya pale nje lingemshinda hata mpiga picha mwenye vifaa vya bei kubwa. Tafuta badala yake dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja wakati huo, yaani la upande wa magharibi ikiwa ni asubuhi au la upande wa mashariki ikiwa ni alasiri, na umkalishe binti akilitazama dirisha hilo, wewe ukisimama kati yake na dirisha bila kumzibia mwanga. Iwapo dirisha ni dogo na liko upande mmoja tu, weka karatasi nyeupe ya manila, ile mnayotumia kuchorea chati darasani, kwenye upande wa uso ulio na giza ili irudishe mwanga. Wingu la mvua ambalo mnalipata alasiri nyingi huko kwenu ni rafiki wa kazi hii, kwa maana mbingu nzima hugeuka taa moja kubwa na laini. Ukiwa na baraza lenye paa, mpige hapo kabla mvua haijaanza, akiwa ametazama uani na shuka likiwa limetundikwa nyuma yake.

Kuna jambo jingine ambalo maelezo mengi ya picha za pasipoti hulipita bila kulitaja, nalo linatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera huelekea kuchukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kikijumlishwa, kina ung'avu wa wastani. Kikiona shuka jeupe limejaza sehemu kubwa ya picha, kinadhani kuna mwanga kupita kiasi, kinaipunguzia picha nzima mwanga, na mwisho wake shuka linakuwa la kijivu na uso unapoteza alama zake. Hapo ndipo mafundi wengi hukimbilia kuung'arisha uso kwa programu, hadi mtu anatoka na rangi isiyo yake. Njia sahihi ni kulisahihisha kosa hilo wakati wa kupiga. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga wa uso badala ya shuka, kisha telezesha juu kile kialama cha jua kinachotokea kando ya mguso huo, mpaka uone ngozi yake ilivyo kweli, pamoja na mstari wa nyusi na mboni za macho. Shuka nalo litarudi kuwa jeupe lenyewe. Usipitilize, kwani paji la uso likianza kuwa na doa jeupe lisilo na alama yoyote, hakuna programu itakayolirudisha. Mpanguse jasho na mafuta kwa kitambaa kikavu, halafu urudishe mwanga chini kidogo.

Kabla ya kubonyeza, ingia kwenye mipangilio ya kamera na uzime urembo wa uso. Simu nyingi zinazouzwa madukani kwetu huja zikiwa tayari zimewashwa kitu hicho, nacho hulainisha ngozi, hupunguza upana wa pua na kuondoa makovu bila kumwambia mtu. Kwa picha ya harusi sina neno, lakini hii itatumiwa kulinganisha uso na mtu aliyesimama mbele ya afisa, na mamlaka ya Marekani hayakubali picha iliyobadilishwa kwa programu au filta. Kovu la binti likae, chunusi zikae. Zima vilevile ile hali ya kamera inayofifisha mandhari, maana hukosea kingo za nywele na masikio.

Usimruhusu ajipige mwenyewe. Urefu wa mkono ni umbali mfupi mno kwa lenzi, na uso ulio karibu hivyo hutokea na pua iliyokuzwa na masikio yaliyorudi nyuma. Simama kiasi cha mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwake, tumia kamera ya nyuma, na kama simu ina lenzi ya kuvuta karibu mara mbili, itumie. Lenzi iwe sawa na macho yake. Wewe ukiwa umesimama na yeye ameketi, utakuwa unampiga kutoka juu na paji la uso litaonekana kubwa. Rundo la vitabu juu ya meza hushikilia simu vizuri kuliko mikono, na kwa mwalimu vitabu havikosi. Aketi kwenye kigoda kisicho na mgongo, mabega yakiwa sawa, aitazame lenzi, mdomo ukiwa umefungwa na uso umetulia. Miwani avue: viza za Marekani hazikubali picha yenye miwani tangu Novemba 2016, isipokuwa kwa sababu ya matibabu iliyothibitishwa na daktari kwa maandishi. Avae nguo ya kawaida yenye rangi iliyokolea, isiwe sare.

Baada ya hapo ni kukata picha, na hapa vipimo havina mjadala. Kutoka chini ya kidevu hadi juu ya kichwa, nywele zikiwamo, kichwa kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu wa picha, na mstari wa macho uwe kati ya asilimia 56 na 69 kutoka chini. Kwa picha ya pikseli 1,200, hiyo ina maana kwamba kichwa kiwe kati ya pikseli 600 na 828. Kwa kuwa nywele zinahesabiwa, msichana aliyefunga nywele rundo kubwa juu ya utosi atalazimika kuwa na uso mdogo ndani ya mraba ili kila kitu kitoshee. Ni heri azifunge nyuma. Unapopiga, acha nafasi ya kutosha juu na kandoni, kwa sababu unaweza kukata kilichozidi lakini huwezi kuongeza kilichokosekana.

Picha ya yule fundi siwezi kuipima bila kuiona, ila nashuku mambo mawili: kwamba si mraba, maana studio zetu nyingi zimezoea saizi ya milimita 35 kwa 45, na kwamba WhatsApp iliibana ikapungua pikseli. Picha yoyote inayopita huko kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Ikibidi kutumiana, itumeni kama hati, na faili litafika lilivyo. Chunguza pia jina la faili, kwa sababu baadhi ya simu huhifadhi picha katika muundo wa HEIC, ambao fomu haiutambui. Hata ungefanikiwa kulipakia faili la fundi, ningekushauri uliache. Fomu hupima zaidi umbo na uzito wa faili, lakini kauli ya mwisho ni ya afisa wa ubalozi, na kingo za nywele zilizokatwa kwa kompyuta humfichukia mtu aliyezoea kuziona.

Kuhusu nyanya, havui kilemba chake. Vazi la kichwa linalovaliwa kila siku kwa sababu ya dini linaruhusiwa, mradi uso wote uonekane tangu kidevu hadi paji, pande zote mbili, na kitambaa kisitupe kivuli juu ya macho. Akisukume nyuma kidogo tu, kiasi ambacho heshima yake inakubali. Shida yake ni nyingine: kilemba cheupe mbele ya shuka jeupe hupotea, na kichwa huonekana kama kimekatwa juu ya nyusi. Kwa ajili yake, tumia ukuta au kitambaa cha rangi ya krimu iliyofifia, na umsogeze mbali zaidi na mandhari hayo lakini karibu zaidi na dirisha, ili yeye apate mwanga mwingi kuliko kilicho nyuma yake. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuuonyesha ukingo wa kilemba. Msubiri kidogo kabla ya kumpiga, picha yake iwe ya miezi sita ya karibuni wakati atakapoomba. Kama bado hana pasipoti ya Kenya, fahamu kwamba picha inayoingia ndani ya pasipoti hiyo hupigwa na maofisa wa uhamiaji wenyewe, Kisumu ikiwa mojawapo ya vituo hivyo, pamoja na alama za vidole, kwa hiyo usimsumbue kwa ajili hiyo.

Fomu ikiendelea kulikataa faili baada ya haya yote, bado hamjakwama. Kwenye ukurasa wa uthibitisho wa DS-160 patatokea alama ya X mahali pa picha, na binti atatakiwa kupeleka picha iliyochapishwa siku ya mahojiano Nairobi. Ichapishwe kwenye karatasi ya picha, milimita 51 kwa 51, na karatasi ya inchi 4 kwa 6 hutosha picha sita za saizi hiyo. Mwambie mwenye printa achapishe kwa asilimia 100 bila kuiruhusu printa ijaze karatasi yenyewe, halafu upime kwa rula kabla ya kulipa: upande wa picha uwe milimita 51, na kichwa kiwe kati ya milimita 25 na 35.