Muulize Fundi: Kabla ya betri, tuhesabu friji

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina trela dogo la kambi la ekseli moja. Mimi na mama watoto tunalala ndani, watoto wanalala kwenye hema la pembeni. Lina taa tatu za LED, pampu ya maji, feni ndogo na friji ya volti 12, ile inayofunguka kwa juu. Kuna na simu mbili za kuchaji. Tukitoka tunakaa siku mbili, mara chache tatu, mahali pasipo na umeme wa kuchomeka. Nilifunga betri ya gari, mpya kabisa. Safari ya kwanza ilifika asubuhi ya pili, ya nne haikuvuka hata usiku wa manane. Muuzaji ananishauri nichukue ya lori. Shemeji yangu anasema nisiponunua lithiamu najisumbua bure. Nimsikilize nani? — Baba Mapacha

JIBU: Marahaba, Baba Mapacha. Shemeji huenda amepatia, ila amepatia kwa kubahatisha. Muuzaji hajapatia kabisa. Tuanze na marehemu.

Betri yako haikuwa mbovu, ilipewa kazi isiyo yake. Niliwahi kuipasua moja iliyokufa kifo hicho hicho (wewe usijaribu, asidi haijui kuomba radhi). Ndani ya betri ya gari pleti ni nyembamba na nyingi, zimebanana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Wembamba huo ndio unaoiwezesha kumwaga mamia ya ampea kwa sekunde mbili tatu stata inapozunguka. Injini ikishawaka, altaneta inarudisha kilichotoka, na betri inabaki karibu kujaa maisha yake yote. Sasa wewe umeikamua usiku kucha, ukarudia na kesho yake. Ile rojo iliyopakwa kwenye pleti inalegea, inadondoka. Katika ile niliyoipasua niliikuta imetuama chini, tope la kahawia la kimo cha kidole. Tope lile ndilo lililokuwa linahifadhi umeme, na halipandi tena kwenye pleti. Ukichukua ya lori umelirudia kosa lile lile kwa kilo nyingi zaidi.

Dukani tazama lebo. Kama namba iliyoandikwa kwa majivuno ni CCA (ampea za kuwashia injini kwenye baridi) na za ampea-saa (Ah) huzioni, hiyo ni ya kuwashia injini. Unayoitafuta, ambayo wengi wanaiita betri ya sola na mafundi wanaiita dipu saiko, inajitambulisha kwa Ah, na mara nyingi pembeni pameandikwa C20. Maana yake ilipimwa kwa kukamuliwa taratibu kwa saa 20. Ah 100 ya C20 ni ampea 5 kwa saa 20. Ukiikamua kwa ampea 20 usitegemee saa 5, kwa betri ya risasi (hizi za kawaida zenye asidi) utapata pungufu. Mjerumani mmoja, Peukert, alilitolea jambo hili kanuni mwaka 1897, na wapo wauzaji ambao habari bado hazijawafikia.

Sasa kalamu na karatasi. Taa zako tatu, kila moja wati 4, zikiwaka saa nne, ni wati-saa 48. Gawa kwa 12, unapata Ah 4. Pampu inavuta kama ampea 5, lakini jumla ya dakika inazozunguka kwa siku hazizidi kumi na mbili, kwa hiyo Ah 1. Simu mbili, pamoja na kinachopotea njiani, Ah 3. Feni ndogo ya nusu ampea kwa saa nane, Ah 4. Mpaka hapo ni Ah 12 kwa siku. Ningesema lala usingizi, betri yoyote ya maana itakutosha.

Halafu kuna friji. Ikiwa ni ya kompresa kama ninavyodhani, inakula takriban wati 45 ikinguruma, yaani karibu ampea 4, na kwa siku yenye joto la kawaida inanguruma theluthi moja ya muda. Hiyo ni Ah 30. Jumla yako imetoka 12 hadi 42 kwa sababu ya kifaa kimoja. Ndiyo maana mtu akiniuliza betri gani anunue, mimi namuuliza friji gani anayo. (Kama yako ni ile inayotumia pia gesi, yenyewe ikiwa kwenye umeme inavuta ampea 10 na zaidi karibu muda wote. Hiyo usiiwashe kwa betri gari likiwa limesimama. Iwashe kwa gesi, mambo yaishe.)

Siku mbili ni Ah 84. Hapa ndipo risasi na lithiamu zinapoachana. Betri ya risasi, iwe ya maji, ya jeli au AGM (ambayo asidi yake imenywewa na mikeka ya nyuzi za kioo), ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo kupata 84 unahitaji kama 170 kwenye lebo, na hizo ni kilo 50 hivi. Lithiamu ya kambi, ile ya fosfati ya chuma, inakubali kutumiwa asilimia 80 hadi 90 bila kununa. Ya Ah 100 ina uzito wa kilo kumi na mbili hivi. Kwa trela la ekseli moja tofauti hiyo si ndogo. Soma kibati cha trela uone limeruhusiwa kubeba kilo ngapi, toa maji, toa mtungi wa gesi, toa vyombo, uone kilichobaki. Nimeona trela zuri limebebeshwa betri mbili kubwa mbele kwenye mkono wa kuvutia mpaka gari likainua pua kama mashua.

Kwa hesabu yako basi, Ah 100 ya lithiamu inakuvusha siku mbili, kwa shida kidogo mwishoni. Siku ya tatu itahitaji jua au kuendesha. Shemeji yako ashukuriwe. Lakini asikwambie utoe ya zamani, uweke mpya, basi. Lithiamu ina masharti yake.

La kwanza ni chaji. Inataka volti 14.2 hadi 14.6 kulingana na mtengenezaji, na chaja za zamani zenye ile hatua ya kufufua betri kwa volti za juu haziifai. La pili, haichajiwi ikiwa na baridi chini ya nyuzi 0. Kutumia utatumia, kuchaji hapana, inaharibika ndani kwa ndani. Nzuri zina saketi ya ulinzi inayokataa yenyewe, uliza kabla ya kulipa. La tatu linawashangaza watu usiku: ya risasi ikichoka taa zinafifia, unajua. Lithiamu inashikilia volti karibu zile zile, 13.2 hivi, halafu saketi ya ulinzi inakata, giza, pu! Mita ya volti haitakusaidia kujua imebaki kiasi gani. Funga kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na zinazotoka.

Na hapa nikuulize jambo ambalo hukuliandika: betri yako ilikuwa inajazwa na nini? Naotea kwamba ni waya ule ule mwembamba unaopita kwenye plagi ya trela. Nilimpimia jamaa mmoja mwenye trela kama lako. Kwenye altaneta volti 14.2, kwenye betri ya trela, mita kadhaa nyuma, 12.9. Alikuwa ameendesha nusu siku akiamini anachaji. Kwa volti hizo unaitekenya tu. Nunua chaja ya betri-kwa-betri, ile inayofungwa ndani ya trela karibu na betri yenyewe, na uipitishie waya mnene wake wa peke yake. Kwa lithiamu ni ya lazima, maana bila hiyo lithiamu yenye njaa inaweza kuivuta altaneta mpaka ikaungua. Na magari mengi ya siku hizi altaneta zake zinajipunguza zenyewe kuokoa mafuta. Chaja ya ampea 20, kwa saa mbili na kidogo barabarani, inakurudishia siku nzima ya matumizi yako. Risasi haina mwendo huo. Sehemu ya mwisho ya kujaa, ile asilimia 20 ya juu, inaichukua saa nyingi hata ukiwa na chaja nzuri, na isipojazwa mpaka juu mara kwa mara inaota ukoko wa salfati.

Paneli ya wati 100, jua likiwa zuri, inakupa Ah 25 hadi 30 kwa siku. Karibu friji yote. Ila usiigandishe juu ya paa. Wewe utatafuta kivuli uegeshe, paneli inataka jua, mtagombana. Nunua ya kukunja yenye waya mrefu, trela likae chini ya mti na paneli ikae kule.

Kosa langu kubwa mimi halikuhusu aina ya betri, lilihusu spana namba 13. Nilikuwa nimeinama kwenye sanduku la betri la trela langu, nalegeza kichwa cha chanya kwanza kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mkono. Spana ikagusa fremu. Kishindo kimoja, mwanga wa buluu, na spana ikabaki na kidonda chenye kingo zilizoyeyuka, kama imeng'atwa. Bado ninayo, imetundikwa ukutani. Ukifungua, toa hasi kwanza. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Na fyuzi iwekwe shubiri moja tu kutoka kichwa cha chanya. Fyuzi isingenisaidia siku ile, lakini itakusaidia siku waya utakapochubuka chini ya trela.

Utaniuliza mimi natumia nini. AGM moja ya Ah 80 na sanduku la barafu. Sina friji, sihitaji lithiamu. Siku mbili natumia Ah 24, na asubuhi ya kurudi nyumbani, kabla sijawasha chochote, mita inasoma 12.4 au 12.5. Ikiwahi kusoma 12.2 najua nimefika nusu, na kuna mtu ameacha taa ya nje inawaka. Kama mapacha wanaweza kuishi siku mbili bila maziwa ya baridi, fikiria njia hiyo. Mama yao akikataa, basi lithiamu.

SWALI: Fundi, betri yetu ni ya maji na imewekwa chini ya kitanda cha trela. Juzi tulipochaji usiku tulisikia harufu ya yai viza. Mume wangu anasema ni bomba la maji machafu. — Mama wa Trela la Kijani

JIBU: Mama, mwambie baba apumzishe bomba. Harufu hiyo ni ya betri inayochajiwa kupita kiasi, na kwanza kabisa msilale humo. Zima chaja kwenye chanzo cha umeme, si kwa kuvuta vibanio vya betri, maana cheche hapo ndiyo hatari yenyewe. Fungua milango, msiwashe jiko wala kiberiti. Betri ya maji ikichemka inatoa haidrojeni, na hewa ikishakuwa na asilimia 4 ya haidrojeni inaweza kulipuka. Hiyo haina harufu. Mnayoinusa ni gesi nyingine yenye salfa, nayo ni sumu.

Ikishapoa na hewa kusafishika, igusweguswe ubavuni, vaa glovu na miwani. Mara nyingi chumba kimoja kati ya sita kimekufa, na chaja inaendelea kuwasukumia mzigo waliobaki. Ikiwa imetuna, au chumba kimoja kimekauka peke yake, hiyo inakwenda kwa wanaopokea betri chakavu. Kama betri ni nzima, pima chaja: ikipita volti 15 na haishuki, mkosaji ndiye huyo. Kwa vyovyote vile, betri ya maji haikai chini ya kitanda cha mtu. Iwe kwenye sanduku lililozibwa upande wa ndani, lenye tundu la kutolea hewa nje, au ihamishiwe nje kabisa. AGM ingekuvumilia zaidi, lakini hata yenyewe ina vali ya kupumulia, nayo ipewe njia ya hewa.

SWALI: Nina betri ya sola ya miaka minne, bado inafanya kazi. Nikiongeza mpya ya ukubwa ule ule na kuziunga sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), si nitapata mara mbili? — Msomaji wa Siku Nyingi

JIBU: Utapata mbili zilizochoka. Ya zamani haitafikia volti za kujaa kama mwenzake, na usiku kucha mpya itakuwa inamlisha mzee. Ukitaka mbili, nunua mbili kwa siku moja, aina moja, na waya zake ziwe na urefu sawa. Hiyo ya miaka minne ichaji mpaka ijae, iache saa kadhaa bila kitu, kisha uipime. Ikikaa 12.6 au zaidi, ipe kazi ya taa za banda na uisahau.